Msikiti wa Kongo na zumari za Bongwe: Je, jengo laweza kuwa wimbo?

Mtu akitoka Bongwe kushukia pwani ya Diani, akafuata ufuo upande wa kaskazini mpaka pale mto Mwachema unapomwaga maji yake baharini, atauona Msikiti wa Kongo. Umesimama karibu na mibuyu, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na umri wake ni karne kadhaa. Wako wanaouweka katika karne ya 14 au 15, na wako wanaosema ni wa karne ya 16. Mji uliouzunguka umekwisha zamani. Msikiti umebaki, na mpaka leo watu wanaswali ndani yake.

Wengi wetu tumeupita msikiti ule, tukausifu kwa ukale wake, tukaenda zetu. Makala haya yanauliza swali jingine. Je, jengo kama lile laweza kumpa mtungaji muziki? Nasi hatusemi taarabu yenye fidla na ganuni, wala bendi yenye vipaza sauti. Tunasema muziki wa watu wanne au watano wenye ala za kupuliza tu, ambao leo wako watano na kesho wamebaki watatu, kwa kuwa mmoja yuko zamu hotelini na mwengine ameitwa arusini Msambweni.

Huenda msomaji akaona swali hili ni la watu waliokosa kazi. Lakini nyuma yake kuna jambo la kweli. Majumba ya mawe ya pwani yetu yanaanguka mmoja baada ya jengine, na wapulizaji wa zumari nao wanapungua, mzee baada ya mzee. Vitu viwili vinavyopotea pamoja pengine vyaweza kusaidiana visipotee.

ALA TULIZONAZO

Kwanza tuhesabu tulicho nacho. Wadigo wana chivoti, filimbi ya kushikwa kwa ubavu, ambayo hukatwa katika mwanzi na kutobolewa matundu 6 ya vidole pamoja na tundu la kupulizia. Sauti yake ni ya juu na laini, na mtu peke yake aweza kujiliwaza nayo akiwa njiani.

Kisha iko nzumari, ambayo Waswahili wa mijini huiita zumari. Hii ni ndugu wa zurna ya Waturuki na wa mizmari ya Waarabu: bomba la mti linalotanuka kwa chini, na kwa juu kipande cha jani kilichokunjwa mara mbili ambacho hutetemeka kinywani mwa mpulizaji. Kwa Wadigo ndiyo inayoongoza ngoma ya sengenya. Kwa watu wa Lamu huliliza mchezo wa kirumbizi. Mpulizaji hodari hakati sauti; huweka pumzi mashavuni na kuisukuma nje huku akivuta nyingine puani, na ndiyo maana wimbo wake huenda kama uzi usio na fundo.

Tena ziko pembe. Baragumu ya pembe ya mnyama ndiyo iliyotangaza habari mijini na vijijini, na kila mtoto wa pwani aijua methali isemayo kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe haina lahani nyingi. Ina sauti moja, mara nyingine mbili, lakini sauti hiyo moja hufika mbali.

Na juu ya zote iko siwa. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu na ile ya Lamu ya shaba zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, na mtaalamu James de Vere Allen aliziandikia makala maalumu mwaka 1976. Siwa haikuwa ya kila mtu. Ilipulizwa kwa ajili ya watu wenye haki nayo, katika arusi na sherehe za heshima. Tutairudia siwa mwisho wa makala haya, kwani ina funzo kwetu.

WALIOTUTANGULIA

Kufananisha jengo na muziki si jambo lililoanza jana. Al-Farabi, aliyekufa mwaka 950, aliandika Kitab al-Musiqa al-Kabir, na humo alieleza ala na vipimo vya sauti zake. Katika karne hiyohiyo ya 10, jamaa wa Basra waliojiita Ikhwan as-Safa waliutoa waraka mzima juu ya muziki, wa tano katika nyaraka zao. Walisema kuwa uzuri wa sauti watokana na mafungu yanayolingana, na kuwa mafungu hayo ndiyo yanayoupa uzuri hata mwandiko wa herufi. Jina lao wasomaji wa pwani walijua, maana ndilo lililochukuliwa na chama cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905.

Mafungu hayo si siri. Chukua mwanzi ulio wazi pande zote mbili, uupulize. Chukua mwengine wenye nusu ya urefu wake; utapata sauti ileile lakini iliyopanda juu, kama mtoto anayeimba na baba yake. Chukua wa tatu wenye theluthi mbili za urefu wa kwanza. Utapata sauti ya tano katika ngazi, ile inayopatana na ya kwanza kuliko nyingine zote. Nusu na theluthi mbili: fundi mwashi anazijua, na mchonga chivoti anazijua, kila mmoja kwa mkono wake.

Ulaya nako yako mambo ya kusimuliwa. Tarehe 25 Machi 1436 kanisa kuu la Florence lilizinduliwa, baada ya fundi Brunelleschi kulijengea kuba kubwa, na mtungaji Guillaume Dufay aliutungia wimbo siku hiyo. Mwaka 1973 mwanachuoni mmoja, Charles Warren, aliandika kuwa sehemu nne za wimbo ule, zilizopangwa kwa hesabu ya 6, 4, 2 na 3, zimechukua vipimo vya kanisa lenyewe. Watu wakapendezwa sana. Kisha mwaka 1994 akatokea mwengine, Craig Wright, akampinga. Alisema vipimo vya kanisa lile havilingani na hesabu hiyo. Hesabu hiyo ni ya hekalu la Nabii Suleiman kama lilivyoelezwa katika vitabu vya kale: urefu dhiraa 60, ukumbi wake 40, chumba cha ndani 20, na kimo 30.

Hapo pana onyo kwa mtungaji wa Bongwe. Mtu aweza kuupima Msikiti wa Kongo kwa kamba, akaandika hesabu zake kwenye karatasi, akazigeuza sauti, na msikilizaji asitambue kitu. Hesabu ni ya macho na ya akili. Sikio lataka zaidi ya hapo.

Aliyelijua hilo vizuri ni Giovanni Gabrieli wa Venice, aliyefariki mwaka 1612. Yeye alipiga kinanda katika kanisa la Mtakatifu Marko, lenye roshani za juu zinazoelekeana. Hakuyahesabu mawe; aliusikiliza ukumbi. Aliwagawa wapulizaji wake makundi mawili au zaidi, kundi hapa na kundi kule, wakawa wanajibizana kama watu waliosimama ng'ambo mbili za mto. Katika kitabu chake cha mwaka 1597 mna muziki wa sauti 8 kwa makundi mawili, wa tromboni na ala nyingine, ambao alieleza ndani yake wapi pawe polepole na wapi pawe kwa nguvu. Na baada ya kufa kwake, mwaka 1615, ilichapishwa kazi yake nyingine ambayo jina lake lenyewe lilisema ni ya kupigwa kwa kila aina ya ala. Maneno hayo ndiyo tunayoyataka.

BORITI NA PUMZI

Basi mtungaji achukue nini kwenye jengo, ikiwa hesabu peke yake haitoshi? Kwa maoni yangu achukue jinsi jengo linavyomwendesha mtu aliye ndani yake: wapi linambana, wapi linamwachia, wapi linamrudishia sauti yake.

Tazama nyumba ya mawe ya Mswahili, kama zile za Lamu alizozieleza Usam Ghaidan katika kitabu chake cha mwaka 1975. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya kiasi cha mita mbili na nusu au tatu bila ya kulegea. Fundi hakuchagua upana wa chumba. Mkoko ulimchagulia. Akitaka nyumba kubwa aliongeza chumba sambamba na chumba, lakini kila kimoja kilibaki na upana wa boriti yake.

Mpuliza chivoti naye ana boriti yake, nayo ni pumzi. Hawezi kuvuka zaidi ya pumzi moja bila ya kulegea. Akitaka wimbo mrefu huongeza fungu sambamba na fungu. Mtungaji akiyafanya mafungu yake yote yawe na urefu wa pumzi moja ya kawaida, si ya kujionyesha, basi tayari ameshajenga kwa kanuni ya mafundi wa Lamu, wala hakuhitaji kamba ya kupimia.

Zumari kinyume chake haina boriti, kwa kuwa mpulizaji wake hakati pumzi. Yenyewe ni kama paa la mawe lililokunjwa, mfano wa lile la Msikiti wa Kongo, ambalo hujishikilia lenyewe kwa mawe yake bila ya mti. Kwa hiyo katika kundi moja twaweza kuwa na aina mbili za ujenzi: chivoti wanaokatiza na kuanza upya, na juu yao zumari inayopita moja kwa moja.

Na pembe? Pembe ni nguzo. Katika msikiti mkuu wa Gede, uliojengwa karne ya 15 na kufukuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, kulikuwa na safu tatu za nguzo, kila safu nguzo 6. Safu ya katikati imesimama sawasawa na mihrabu, hata aliyekuwa nyuma hakuweza kuuona mihrabu ila kwa kusogea upande. Mgeni huona ni kosa. Lakini misikiti kadhaa ya zamani ya pwani yetu ilijengwa hivyo. Pembe yaweza kufanya kazi ileile: sauti moja ileile, kwa nafasi sawa, mara 6, katikati ya wimbo, na lahani ikabidi ipite kushoto na kulia kwake.

MFANO WA WATU WANNE

Tuseme basi wako vijana wanne wa Bongwe: wawili wa chivoti, mmoja wa zumari na mmoja wa pembe. Watunge nini? Mimi ningewapa nyumba, si msikiti, kwa sababu nitakazozitaja mbele. Na ningewapa mpango huu.

Kwanza ni daka, ukumbi mdogo wa nje wenye mabaraza ambapo mgeni hukaa. Zumari ipige hodi. Ipige mara tatu, na baina ya kila hodi kuwe na kimya, kwa kuwa adabu tuliyofunzwa ni kubisha mara tatu na usipojibiwa urudi. Mara ya tatu chivoti mmoja aitikie kwa mbali.

Pili ni kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Hapa wote wanne wapulize pamoja, lahani itolewe nzima, nayo iwe na sauti 5 tu, si zaidi.

Tatu ni msana. Katika nyumba hizi kila chumba unachoingia sakafu yake huwa imeinuka kidogo kuliko cha kabla yake, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo mwanga unavyopungua. Basi lahani ipande ngazi moja, na zumari inyamaze. Wabaki chivoti na pembe.

Nne ni ndani, chumba chenye zidaka ukutani, vile visanduku vidogo vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu. Lahani ipande ngazi nyingine. Chivoti wa pili awe anarudia kipande kifupi kimoja nyuma ya mwenzake, kama kidaka kilivyo nakala ya jirani yake, lakini kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Tano ni nyumba ya kati, chumba cha mwisho kabisa, ambapo mambo makubwa ya nyumba, uzazi na mauti, yalisitiriwa. Hapo chivoti wote wakome. Ibaki pembe peke yake, kwa sauti yake moja ya chini. Kisha warudi nje kwa njia ileile waliyoingilia, mpaka daka.

Msomaji mwenye kupenda hesabu ataona kitu. Lahani ya sauti 5 ikipandishwa ngazi mbili yataka jumla ya sauti 7. Chivoti yenye matundu 6 hutoa sauti 7: moja matundu yote yakiwa yamefungwa, na 6 kwa kuyafungua moja baada ya jingine. Nyumba nzima yaenea katika mwanzi mmoja.

Na kwa kuwa ngazi za chivoti si lazima ziwe sawasawa kama za kinanda, lahani ikipanda haitabaki ileile kabisa. Itabadilika uso kidogo. Ndivyo inavyotakiwa, maana mtu aliyekaa ndani si yule aliyekaa kiwandani.

AKIKOSEKANA MMOJA

Sasa tuje kwenye shida ya kila siku. Muziki uliotungwa kwa watu wanne maalumu hufa siku mmoja wao anapohama. Hili halikuwasumbua watu wa pwani peke yao. Mtungaji Percy Grainger, aliyezaliwa Australia na kufariki mwaka 1961, aliliandikia maelezo marefu mwishoni mwa miaka ya 1920. Alitaka muziki uwe kama mpira unaovutika: upigwe na wachache au wengi, kwa ala zilizopo, mradi sauti kuu zisikose. Na ugonjwa wa korona ulipofunga shule duniani mwaka 2020, wachapishaji wa muziki wa bendi za shule walitoa kazi nyingi za namna hiyo. Badala ya kuandika hii ni ya klarineti na hii ni ya tarumbeta, waliandika sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na kila sauti wakaipa nakala kwa ala tofauti tofauti. Mwenye saksafoni alichukua yake, na mwenye filimbi yake.

Bongwe yaweza kufanya hivyo kwa masharti machache. La kwanza, sauti zipangwe kwa kimo chao, si kwa jina la ala. Ya juu ya kwanza na ya chini ndizo kuta na msingi, hizo zisikosekane. Za kati ni zidaka. Zikikosekana nyumba itakuwa tupu kidogo, lakini itasimama.

La pili, pembe ndiyo kipimo. Pembe haibadiliki, mnyama ameshaichonga. Chivoti ndiyo ya kuchongwa upya ikaifuata, nayo haina gharama kubwa. Kundi likibadilisha pembe, lichonge chivoti nyingine.

La tatu, wimbo uandikwe kwa ngazi, yaani do, re, mi, na si kwa majina ya sauti ya kinanda. Vijana waliosoma muziki shuleni wanayajua hayo, na mzee asiyejua kusoma aweza kuimbiwa akafuata. Kwa njia hii filimbi ya plastiki ya shule yaweza kushika nafasi ya chivoti, na tarumbeta ya beni yaweza kushika nafasi ya pembe.

La nne, zumari iwekwe mbali. Zumari imeumbwa kwa uwanja. Ikisimama bega kwa bega na chivoti, chivoti haitasikika kabisa. Gabrieli aliwatenganisha wapulizaji wake kwa roshani. Sisi tuna mbuyu. Mwenye zumari asimame hatua 20 au 30 nyuma ya mti, na wenzake wawe mbele.

Wala mtu asidhani huku ni kuiga Wazungu. Mambo haya tumeyafanya siku zote bila ya kuyaandika. Beni ilipoingia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa, watu walichukua tarumbeta na ngoma za kijeshi, wakazitia katika mashindano ya mitaa, Kingi kwa Skochi, kama Terence Ranger alivyosimulia katika kitabu chake cha mwaka 1975. Aliyekuwa na tarumbeta alipiga tarumbeta. Asiyekuwa nayo alitafuta kinachofanana nayo. Ngoma haikungoja ala kutoka ng'ambo.

ADABU YA MAHALI

Nimesema ningewapa vijana nyumba na si msikiti. Sababu ni wazi. Msikiti wa Kongo si gofu la kutazamwa na wageni. Ni nyumba ya Mwenyezi Mungu inayoswaliwa. Hakuna mpulizaji atakayeingia mle na ala, wala asisimame mlangoni wakati wa swala. Wanavyuoni wametofautiana tangu zamani juu ya ala za kupuliza zenyewe, na gazeti si mahali pa kuimaliza hitilafu hiyo. Mwenye kuona ni haramu ana hoja zake, na mwenye kuruhusu katika arusi na furaha ana zake. Lakini wote watakubaliana kuwa adhana haigeuzwi lahani ya zumari, na kisomo cha Kurani si mali ya mtungaji.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho msikiti waweza kumpa mtungaji bila ya kumvunjia mtu heshima, nacho ni mwelekeo. Diani na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Kwa hiyo kibla cha hapa ni kaskazini, karibu kabisa bila ya kupinda. Mafundi wa Kongo, pamoja na bahari kuwa mashariki yao, hawakuuelekeza ukuta wao kwenye bahari. Mtungaji naye na awe na sauti moja ambayo lahani yake yote huielekea, hata inapozunguka mbali. Hilo ni funzo la ujenzi, wala halihitaji kupulizwa ndani ya msikiti.

Liko na jambo jingine la haki. Mdigo aweza kuuliza: haya majumba ya mawe ya Lamu yananihusu nini mimi wa Bongwe, ambaye babu zangu walijenga kwa miti na udongo na makuti? Ni swali zuri. Kwake yeye mahali pa kale kabisa pengine si jumba bali ni kaya, kama Kaya Kinondo, iliyo miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kaya nayo ina njia yake ya kuingilia, ina mlango wake, na ina mahali ambapo si kila mtu huruhusiwa. Mpango wa daka mpaka nyumba ya kati waweza kugeuzwa ukawa wa njia ya msituni, kwa idhini ya wazee wenyewe. Ndiyo faida ya muziki unaovutika: hata jengo lake laweza kubadilishwa.

SIWA NA JUMBA LA AJABU

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja iliporomoka. Jumba lile lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Katika zama za masultani bendi ya kifalme, ambayo wapulizaji wake wengi walikuwa Wagoa, ilikuwa ikipiga mbele ya majumba yao na watu wakija kusikiliza. Lilikuwa limeokoka hata mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Halikuokoka kuchakaa. Jumba kubwa kama lile lilishindwa na miaka, mchana kweupe.

Msiba wa siwa umekuja kwa njia nyingine. Siwa haikuvunjika. Iko salama ndani ya kioo, imesuguliwa, imeandikiwa kibao. Lakini imekaa kimya, kwa kuwa ilifungwa na masharti ya nani aipulize, kwa nani na lini, hata zama za wenye masharti zilipopita hakubaki wa kuipuliza.

Baina ya misiba hii miwili ndipo alipo mpuliza zumari wetu. Akiwa ala yake ni ya sengenya tu, kwa watu wale tu na kwa ngoma ile tu, basi siku ngoma ile itakaposita zumari itakwenda kukaa kiooni pamoja na siwa. Lakini akipewa kazi mpya isiyomlazimisha kuwa na wenzake maalumu, ambayo kijana mwenye filimbi ya shule aweza kuingia ndani yake leo na kujifunza kwa mzee mwenye nzumari kesho, huenda ikawa amepata chumba kingine cha kukaa.

Mawe ya Kongo hatuwezi kuyaongezea umri ila kwa chokaa na kwa kuyatunza, na hiyo ni kazi ya lazima, isingoje muziki. Chokaa ya muziki ni mtu kumfundisha mwenzake. Mwanzi upo Bongwe, na kisu kipo. Wazee wanaojua kukunja jani la zumari bado wapo wachache. Ni afadhali waulizwe sasa, wangali na pumzi.